Je, Wajua? Kitabu cha Mtoto Kiko Nje ya Mlango Wako, Ikuti

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji wa Ikuti. Leo tuna vitabu vya picha vya watoto, vile vya kurasa chache ambavyo mtoto anavikumbatia na kudai asomewe tena na tena. Unadhani wazo la kitabu kama hicho hutoka mbali? Haya, shika hizi.

Je, wajua kwamba kiwavi maarufu kuliko wote duniani alizaliwa na panchi ya kutobolea karatasi? Mchoraji wa Marekani, Eric Carle, alikuwa akitoboa karatasi, akayatazama matundu, akamwaza mdudu anayekula vitabu. Mhariri wake akamwambia, kwa nini asiwe kiwavi? Mwaka 1969 kikatoka The Very Hungry Caterpillar, na hadi leo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50. Milioni 50, kwa sababu ya tundu!

Sasa toka nje, utazame mgomba ulio karibu nawe. Je, wajua kwamba mgomba si mti? Hilo unaloliita shina ni vikonyo vya majani vilivyofungamana kwa nguvu, na hamna ubao hata kidogo ndani yake. Mtoto akisikia hilo kwa mara ya kwanza, asubuhi utamkuta shambani kwa bibi yake anaukagua mgomba kwa vidole.

Na kuna zaidi. Kila mgomba huzaa mkungu 1 tu, kisha hufa. Lakini kando yake wamekwisha kusimama warithi, na wakulima wanawaita hivyo hivyo: mama, mtoto, mjukuu. Ukoo mzima umesimama shambani kwako, kila mmoja na kimo chake, unangoja mchoraji.

Umekunywa chai leo? Je, wajua kwamba mchai usipopunguzwa hukua ukapita paa la nyumba, mita 10 na zaidi? Ile michai ya Rungwe unayoiona imekomea kiunoni ni miti mirefu iliyozuiwa kurefuka, mwaka baada ya mwaka. Na wachumaji huchuma majani 2 na chipukizi 1 tu kila wanapopeleka mkono. Waza mchai mmoja uliosahaulika nyuma ya shamba, unaoamua kwenda kuona mawingu. Ukurasa wa kwanza huo nimekupa bure.

Zao hilo lilianza kupandwa Rungwe mwaka 1904, enzi za Wajerumani. Zaidi ya miaka 120! Mchai nao ukitunzwa unaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Hebu fikiria ni mikono ya vizazi vingapi inayoweza kupita juu ya kichaka kimoja.

Tulia sasa, maana hii inatoka mlimani kwenu. Je, wajua kwamba hadi mwaka 2003 wanasayansi hawakuwa na habari kwamba msitu wa Mlima Rungwe una kima ambaye hayumo katika kitabu chao chochote? Wanyakyusa walikuwa wanamjua. Wawindaji walimtaja kwa jina, kipunji, wakaeleza kwamba ni mwenye haya na hukaa juu sana mitini. Watafiti wakasikiliza, wakapanda msituni, na kweli wakamwona.

Dunia ilitangaziwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vinasaba ukaleta kubwa zaidi: kipunji hakuwa aina mpya tu, alistahili jenasi yake peke yake. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu Afrika itoe jenasi mpya ya kima. Jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji, na sehemu zote mbili zimeanzia kwenu.

Unataka kumwona vizuri? Nywele za utosini zimesimama wima kana kwamba ameamshwa ghafla, mkia ni mrefu, manyoya ni ya kahawia. Mlio wake watafiti waliueleza kuwa nusu honi, nusu kubweka. Mwambie mtoto aige sauti hiyo, halafu jaribu kumlaza.

Na idadi yao? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata 1,117. Dunia nzima! Kuna shule za msingi Tanzania zenye wanafunzi wengi kuliko kipunji wote waliohesabiwa. Chora kipunji mmoja anayehesabu wenzake usiku kabla ya kulala, na hesabu yake inaisha mapema mno.

Msitu huo huo una minde. Unamjua? Ni mnyama wa jamii ya funo, mweusi kiasi, hutembea zaidi usiku, na haishi nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania. Anajificha hodari sana. Basi mchoraji amfiche kila ukurasa, na mtoto amtafute kwa kidole.

Yuko pia kinyonga wa Uporoto. Je, wajua kwamba dume lake lina pembe 3 usoni? Anaishi kwenye nyanda hizi za Uporoto na Rungwe, basi. Kila jicho lake hutazama upande wake, na ulimi wake ukifyatuka hupita urefu wa mwili. Pembe 3, macho mawili yasiyosikilizana, ulimi mrefu kuliko mwenyewe: mtu angebuni mnyama wa namna hiyo, mhariri angemwambia amezidisha.

Sasa tuongee mvua, maana Tukuyu na mvua hawaachani. Je, wajua kwamba sehemu za miteremko ya Mlima Rungwe hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka? Hizo ni mita 3 za maji! London, mji unaosifiwa kwa mvua duniani kote, hupata takriban milimita 600. Mtoto wa Ikuti anajua aina za mvua ambazo mtoto wa Dodoma hajawahi kuziona, na hajui kwamba huo ni utajiri.

Mto Kiwira umepita chini ya daraja ambalo halikujengwa na mtu. Unaliita Daraja la Mungu, si ndivyo? Je, wajua lilivyotokea? Volkano ilimwaga tope la moto, likafika mtoni, maji yakalipoza likagandia pale pale juu ya mto. Moto na maji, maadui wa siku zote, wakaungana kujenga kivuko kimoja. Mimi ningeandika hicho kesho asubuhi.

Mto huo huo una Kijungu, mahali maji yanapoingia kwenye shimo la mwamba na kuchemka bila moto. Muulize mtoto: ndani ya chungu hicho kunapikwa nini? Usimsaidie kujibu. Atakupa kurasa 10.

Panda hadi Ziwa Ngozi. Limekaa ndani ya kinywa cha volkano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mto wowote unaotoka humo. Ukisimama ukingoni, wenyeji watakuonyesha kwamba umbo lake ni ramani ya Afrika. Afrika nzima, imejaa maji, imefichwa msituni! Watoto wa Rungwe wanaweza kuliangalia bara lao kwa jicho moja.

Na kule Masoko, kwenye Ziwa Kisiba, husimuliwa kwamba Wajerumani walitupa hazina yao majini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mtoto mmoja, sarafu moja ya kale, ufukweni baada ya mvua. Umeona jinsi hadithi inavyoanza yenyewe?

Mlima Kyejo je? Unaonekana umelala. Je, wajua kwamba ulitema moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800? Ni vizazi vichache tu nyuma yetu. Kuna bibi wa bibi wa bibi wa mtu fulani hapo Rungwe aliyeona anga ikiwa nyekundu usiku, na picha hiyo inahitaji rangi 2 tu, nyekundu na nyeusi.

Hii inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Je, wajua kwamba zamani watoto wa kiume wa Kinyakyusa walijenga vijiji vyao wenyewe? Wakifika miaka kama 10 au 11 walihama nyumbani, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao, wakalala humo wao kwa wao. Soma tena hapo: miaka 10!

Chakula walikipata wapi? Walikwenda kula kwa mama zao, lakini walikwenda kwa kundi. Leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchana walilima mashamba ya baba zao, jioni wakarudi kwenye mji wao mdogo. Wakakua, wakaoa, wake wakahamia, na vile vibanda vya watoto vikageuka kuwa kijiji kamili cha watu wazima.

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia, walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kiitwacho Good Company kuhusu vijiji hivyo vya marika, na vyuo vikuu vya mbali vimekuwa vikikisoma tangu hapo. Maprofesa wamekwishashangaa vya kutosha. Zamu ya watoto wa Ikuti imefika.

Hebu tukichore pamoja. Usiku wa kwanza kwenye kibanda kipya, mvua ya Tukuyu inanyesha, paa linavuja. Nani anakimbilia kwa mama? Nani anasema hatoki ng'o? Na dada wa mmoja wao amesimama pale asubuhi, mkono kiunoni, anawaambia waliezeka vibaya. Hiyo ni picha ya kurasa mbili mbili, isiyohitaji hata neno moja.

Kabla hujakimbilia kalamu, jua hili. Je, wajua kwamba vitabu vingi sana vya picha vina kurasa 32 kamili? Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa na kukatwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16. Kwa hiyo mwandishi wa watoto hufanya kazi ndani ya kiwanja kilichopimwa. Kunja karatasi zako, zifunge kwa uzi, uzihesabu. Kitabu chako kitakuwa kimekwishapata mwili kabla ya hadithi.

Maneno mangapi yanatosha? Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, cha mwaka 1963, kina maneno 338 tu. Na je, wajua kwamba awali Sendak alitaka kuandika nchi ya farasi wa mwituni? Kuchora farasi kukamshinda. Akachora majitu, na sura za majitu hayo akazitoa kwa wajomba na mashangazi waliokuwa wakija kwao akiwa mtoto. Watazame vizuri wageni wako Jumapili hii!

338 bado ni mengi? Mchapishaji Bennett Cerf aliweka dau la dola 50 na mwandishi Dr. Seuss kwamba hawezi kuandika kitabu kwa maneno 50 tofauti tu. Mwaka 1960 kikatoka Green Eggs and Ham, maneno 50 kamili, na watoto bado wanakikariri. Jaribu maneno yako 50 ya Ikuti: ndizi, mvua, ukungu, ng'ombe, bibi... Umebakiza 45.

Je, wajua kwamba Gruffalo, lile jitu la Uingereza la mwaka 1999, alipaswa kuwa chui milia? Julia Donaldson alikuwa amesoma ngano ya Kichina ya mbweha mjanja anayetembea na chui milia nyuma yake. Alipokwama kupata vina, akabuni mnyama wake. Ngano ya watu ikaingia kwa mtunzi mmoja ikatoka na pembe na meno mapya.

Ngano husafiri, mwenzangu, na zetu nazo zimesafiri. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano za Kiswahili zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Imo ile ya kima na papa: kima anapelekwa baharini ili moyo wake uliwe, naye anamwambia papa kwamba moyo ameuacha mtini. Unaijua? Wahindi nao wanayo, na kwao ilikwishaandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ila papa wao ni mamba. Hadithi ilivuka bahari nzima, ikabadilisha mnyama mmoja tu njiani.

Jirani zako wa Sumbawanga wamelijua hilo. Je, wajua kwamba John Kilaka, mchoraji aliyezaliwa huko mwaka 1966, amezunguka vijijini akiwasikiliza wasimulizi na kuzigeuza ngano zao kuwa vitabu vya picha? Fresh Fish, True Friends, The Amazing Tree: vimechapwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Wanyama wake wamevaa nguo, wanapanda baiskeli, wana soko lao. Mtoto wa Uswisi anamjua sokwe aliyechorwa na mtu wa Rukwa!

Kilaka anachora kwa mtindo wa Tingatinga. Na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 na rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Miaka 4 tu ya kuchora, na mtindo wake ukaenea dunia nzima. Usiniambie huna vifaa.

Kutoka Arusha, mwangalie Tololwa Mollel, aliyelelewa na babu na bibi yake kwenye shamba la kahawa. The Orphan Boy ni hadithi ya Kimaasai ya nyota inayoshuka kutoka mbinguni na kuwa mtoto yatima kwa mzee mpweke. Picha zake zikampa mchoraji Paul Morin tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada mwaka 1990. Kingine, My Rows and Piles of Coins, kinamhusu mvulana Saruni anayedunduliza senti zake anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Baiskeli, sarafu, gulio. Ni kitu gani humo ambacho Tukuyu haina?

Je, wajua kwamba kuhesabu tu, moja hadi kumi kwa Kiswahili, kumewahi kupata heshima kubwa Marekani? Muriel Feelings alifundisha sanaa Kampala, akarudi kwao akaandika Moja Means One, mumewe Tom akachora. Kilitoka mwaka 1971, na mwaka 1972 Tom akawa msanii wa kwanza Mmarekani mweusi kupata heshima ya Caldecott ya vitabu vya picha. Miaka 3 baadaye wakaipata tena kwa kitabu cha alfabeti ya Kiswahili. Moja hadi kumi! Unazo zote.

Handa's Surprise je? Eileen Browne, Mwingereza, aliweka hadithi yake kwa Waluo wa Kenya mwaka 1994. Binti ana kapu kichwani lenye matunda 7 ya aina 7, na wanyama 7 wanamwibia moja moja bila yeye kujua. Mtoto anayesomewa anaona kila kitu, Handa haoni chochote, na hapo ndipo kicheko kilipo. Sasa mpe mama wa Ikuti kapu la maparachichi, umpitishe chini ya mti wenye kipunji.

Mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa na desturi ya familia ya kupeana hadithi kama zawadi ya Krismasi. Moja aliyomwandikia binti yake Mumbi inaeleza jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima. Jarida la Jalada likaichapisha mwaka 2016, na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100. Zawadi ya nyumbani, isiyonunuliwa dukani!

Basi na mwandishi Beatrix Potter. Tarehe 4 Septemba 1893 alimwandikia barua mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa kitandani, na kwa kuwa hakuwa na habari za kumpa, akamchorea sungura 4. Wachapishaji wakakataa hadithi hiyo. Mwaka 1901 akajichapishia nakala 250 kwa pesa yake, na sungura Peter bado anauzwa hadi leo. Unaye mtoto mgonjwa wa kumwandikia? Hata aliye mzima atafurahi.

Turudi kusini kwetu, maana huku mambo ni makubwa. Je, wajua kwamba Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani? Na wengi wao hulea watoto mdomoni! Mama huatamia mayai kinywani, hukaa wiki kadhaa bila kula, na watoto wakishatoka hatari ikitokea hukimbilia ndani tena. Funga ukurasa, watoto wamo; fungua ukurasa, wametoka. Kitabu hicho kinajiandika.

Mashariki mwa ziwa hilo, upande wa Ruhuhu, miaka ya 1930 ilichimbwa mifupa ikapelekwa nje, ikakaa makabatini karibu miaka 80. Mwaka 2012 watafiti wakatangaza: huyu aweza kuwa dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, miaka milioni 243. Akapewa jina Nyasasaurus. Dinosaria wa kwanza duniani huenda alikuwa jirani yako, tena si jitu: urefu wake ulikuwa mita 2 hadi 3, mkia ukiwa ndani ya hesabu.

Unataka jitu? Nenda Tendaguru, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mafundi na wapagazi wa Kitanzania, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walichimba zaidi ya tani 200 za mifupa, na watu wakaibeba hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama leo Berlin, kimo mita 13.27. Kila mtoto wa Berlin anamjua mnyama. Mwandikie mtoto wa Tanzania kuhusu Boheti.

Na kule Mbozi, karibu tu nanyi, kuna jiwe la takriban tani 16 lililoanguka kutoka angani. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa kama mita 3, na karibu chote ni chuma. Mtoto anaweza kuweka kiganja chake juu ya kitu kilichosafiri katikati ya nyota. Ukurasa wa kwanza, giza tupu na nukta moja ya mwanga. Ukurasa wa mwisho, kiganja.

Kitulo nako? Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2005 kwa sababu ya maua, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina kama 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Hifadhi ya taifa ambayo wenyeji wake wakuu hawakimbii!

Umewahi kuona kiota cha fundichuma? Ndege huyo si mkubwa, lakini kiota chake kinaweza kuwa na vijiti hadi 10,000, na kikiisha humudu uzito wa mtu mzima. Akihama, ndege na wanyama wengine huhamia. Nyumba moja, wapangaji wengi, kila ukurasa anabisha hodi mgeni mpya.

Kuna ndege mwingine huwaongoza watu kwenye asali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi wao. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa mlio mwingine kabisa. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi ya mara 3 mwito wa watu wao kuliko wa wageni. Ndege mwitu wamejifunza desturi za wenyeji wao!

Na shujaa wetu wa Morogoro, je? Magawa alikuwa panya buku aliyefunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu. Alitegua kitendawili cha mabomu 71 ya ardhini na silaha 38 nyingine zisizolipuka, asiumie hata mara moja, kwa kuwa ni mwepesi mno kuyalipua. Mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza katika historia ya medali hiyo. Panya!

Ukishaandika, upeleke wapi mswada? Mwaka 1991 ulikuwa mwaka mzuri: ndipo ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umenunua nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzifikisha shuleni, na ndipo Walter Bgoya alipoanzisha Mkuki na Nyota jijini Dar es Salaam. Elieshi Lema, mwandishi wa Safari ya Prospa, naye ni mchapishaji wa E&D Vision. Hawa ni watu waliozoea kusoma miswada ya watoto.

Na kama una simu tu, je, wajua kwamba African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, hukuruhusu kusoma, kutafsiri na hata kutunga kitabu cha picha bila kulipa? Kiswahili kimo. Mwalimu wa darasa la kwanza, unanisikia?

Nikuachie moja tu. Desemba 2004 tsunami ilimtenganisha mtoto wa kiboko na wenzake karibu na Malindi, Kenya. Watu wakamwokoa, wakampeleka Haller Park, Mombasa, naye akamng'ang'ania kobe wa miaka kama 130 akamfanya mzazi. Kiboko Owen, kobe Mzee. Picha yao ikazunguka dunia, ikafika Marekani kwa mtoto aitwaye Isabella Hatkoff, naye akamwambia baba yake kwamba hiki lazima kiwe kitabu. Baba akakubali, Paula Kahumbu wa Kenya akaungana nao, na mwaka 2006 Owen & Mzee kikatoka kwa karatasi.

Isabella alikuwa na miaka 6. Mtoto wako ana mingapi? Jioni hii, mkishakula, muulize angependa kuona kitabu cha nani au cha nini, na uandike jibu lake kama alivyolisema.